Bamvua na Maji Mafu: Hesabu ya Wavuvi na Somo la Sayansi

Katika pwani ya Afrika Mashariki bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na Kiswahili kina msamiati kamili wa mabadiliko hayo. Neno pwani lenyewe limetokana na mzizi pwa, yaani mahali ambapo maji hupwa. Siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana huitwa bamvua. Siku ambazo tofauti baina ya kujaa na kupwa ni ndogo huitwa maji mafu. Maneno haya si majina matupu. Ndani yake mna hesabu, na hesabu hiyo yafaa iingie darasani pamoja na maneno yenyewe.

Mvuvi huzijua siku za bamvua kwa tarehe za mwezi uandamao. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi: karibu na mwandamo, na tena siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Maji mafu hufuata robo mbili za mwezi, karibu na tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24. Saa nazo zina utaratibu wake. Huko Unguja, siku za bamvua, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ndiyo sababu wanawake wa pwani ya mashariki ya kisiwa hicho, ambao kilimo cha mwani kilienea kwao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huyaendea mashamba yao asubuhi za bamvua.

Kila siku maji huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana. Katika siku 7 ucheleweshaji huo hufika dakika 350, yaani karibu muda wa saa sita. Kwa hiyo baada ya juma moja mambo hugeuka: saa nne, iliyokuwa wakati wa kupwa, huwa wakati wa kujaa. Mtoto wa mvuvi huweza kulijua jambo hili kabla hajafundishwa kuzidisha. Mwalimu akimpa kijiti chenye alama na saa ya mkononi, ataweza kupima, kuandika tarakimu zake kwa safu, kuchora mstari wa kupanda na kushuka, na kutafuta wastani. Hesabu hapo hutoka katika jambo alijualo, wala si katika mfano wa nchi asiyoiona.

Sayansi ya shule huongeza mambo mawili. La kwanza ni sababu. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alieleza kujaa na kupwa kwa uvutano wa mwezi na jua. Athari ya jua hupungua kidogo nusu ya ile ya mwezi. Jua, mwezi na dunia zikipangana katika mstari mmoja, athari hizo mbili huungana, na bamvua hutokea; mwezi ukiwa katika robo, athari hizo hukutana kwa pembe mraba, moja huipunguza nyingine, na maji huwa mafu. La pili ni usahihi. Dakika 50 ni wastani tu: siku za bamvua ucheleweshaji hupungua, na siku za maji mafu huongezeka.

Basi si haki kudai kwamba mvuvi alikuwa na kanuni ya Newton. Wala si haki kudai kwamba hakuwa na elimu. Alikuwa na uchunguzi wa muda mrefu na kanuni ya kukadiria, ambayo kila safari ya baharini iliijaribu upya. Sababu ndiyo aliyoikosa, na hapo ndipo elimu mbili hizi zikutanapo.

Wajibu wa wataalamu wa lugha wadhihirika katika jambo hili. Tanzania hufundisha shule nyingi za msingi kwa Kiswahili, na sayansi ya sekondari kwa Kiingereza. Katika kuvuka huko maneno kama bamvua huachwa nyuma. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba istilahi za sayansi zaweza kupatikana katika Kiswahili. Lakini pale ambapo lugha tayari ina neno, kazi si kubuni bali ni kukusanya maarifa yaliyomo. Fasili isemayo tu kwamba bamvua ni kujaa na kupwa sana kwa maji haimtoshi mwalimu. Yahitaji tarehe za mwezi, saa, na sababu.

Ni kweli kwamba kwa mtoto wa Dodoma neno hilo ni geni kama la kigeni. Yeye atahitaji mfano mwingine, wa mvua, wa mifugo au wa vipimo vya nafaka, uliokusanywa kwa uangalifu uo huo. Kwa upande wa pwani, waijuao hesabu hii waliipata chomboni, kwa kufuatana na wazee wao. Majedwali ya maji yaliyochapishwa hutaja saa, lakini hayafundishi namna ya kuikadiria. Kwa hiyo yapasa maneno haya yaandikwe pamoja na hesabu yake, maadamu wapo wa kuulizwa.