Simu ya Zamani Kaunta, Hela Juu Yake

Katika maduka ya simu ya Kariakoo, Dar es Salaam, wateja wengi hawaji na hela peke yake. Huja pia na simu ya zamani. Muuzaji huivua kava, huigeuzageuza kwenye mwanga akitafuta mikwaruzo, kisha hubonyeza *#06#. Tarakimu 15 za IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, zikitokea, huzilinganisha na za kwenye boksi, kama boksi lipo. Ndipo hutaja bei.

Biashara hii ya kutoa ya zamani na kuongeza hela ni mkombozi kwa asiyeweza kutoa laki tisa kwa mkupuo. Lakini ina hesabu mbili ndani yake, na kaunta huziunganisha zikaonekana moja.

Tuseme simu mpya imebandikwa shilingi 900,000 na ya zamani imekadiriwa 300,000. Mteja anaongeza 600,000, anaondoka akichekelea. Kumbe mwenye taslimu angebembeleza hadi 800,000. Maana yake simu ya zamani imenunuliwa kwa 200,000, na laki moja imepotea bila mteja kuiona. Ndiyo maana wajanja wa soko huuliza kwanza bei ya mwisho ya taslimu, wala hawagusii kwamba wana simu ya kubadilisha. Bei hiyo ikishatamkwa, ndipo ya zamani inatolewa mfukoni.

Kinachoishusha thamani zaidi ni betri na kioo. Kwenye iPhone, afya ya betri husomeka kwa asilimia kwenye mipangilio. Ikishuka chini ya 80, mnunuzi ana haki ya kuhesabu gharama ya betri mpya. Kuanzia iPhone 11, zenye programu za karibuni, simu yenyewe hueleza kama kioo kimewahi kubadilishwa, hivyo kuficha hakusaidii. Simu feki ndiyo kabisa: tangu Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozifungia mitandao, muuzaji makini haigusi.

Kuna pia kufuli la iCloud, ambalo Apple ililianzisha mwaka 2013. Mwenye simu asipoondoa akaunti yake, anayeipokea amenunua kipande cha kioo na bati. Afadhali iondolewe palepale kaunta, mbele ya macho ya wote wawili, baada ya picha na mazungumzo kuhamishwa. Laini na memori kadi zitoke, kisha simu ifutwe yote. Wengi hukimbilia simu mpya na kusahau kwamba ile ya zamani bado inabeba picha za watoto wao na ujumbe wa benki.

Duka la kuaminika huomba kitambulisho, kwa kuwa kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Mteja asikereke. Naye adai risiti yenye tarehe na IMEI za simu zote mbili, ile aliyochukua na ile aliyoacha. Simu aliyoacha ikija kutumika kwenye utapeli miezi baadaye, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha siku iliyotoka mikononi mwake.