Puliza, Mama, Usiache!

"Vuta pumzi mpaka mwisho... Haya, puliza! Puliza, puliza, bado kidogo, usiache!" Anayepita nje ya chumba hicho hudhani humo kuna mashabiki wa mpira. Kumbe ni kipimo cha mapafu. Mgonjwa ameketi wima, pua imebanwa kibanio, midomo imekaza kwenye kibomba, uso umemwiva. Sekunde sita za kupuliza ni ndefu kuliko mtu anavyodhani. Wengine hushikwa na kizunguzungu, na bado ni lazima warudie walau mara tatu, maana pumzi moja hudanganya.

Kifaa hicho ni spirometa. Babu yake alikuwa pipa lililopinduliwa ndani ya maji, likipanda kadiri mtu anavyopuliza. Daktari John Hutchinson wa London alilitumia kupima watu zaidi ya 2,000 na kuchapisha matokeo mwaka 1846. Siku hizi spirometa inaenea kiganjani, nayo huangalia mambo mawili: hewa ni kiasi gani, na inatoka kwa kasi gani.

Kasi ndiyo yenye siri. Mtu mzima mwenye mapafu mazima hutoa zaidi ya asilimia 70 ya hewa yote anayoweza kuipuliza katika sekunde ya kwanza tu. Penye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, mirija imevimba na kujaa makohozi, vifuko vya hewa vimechakaa, na hewa hunasa ndani. Mgonjwa huvutishwa dawa ya kutanua mirija, husubiri kama robo saa, kisha hupuliza tena. Akifunguka vizuri, huenda ni pumu. Akibaki chini ya asilimia 70, hapo ugonjwa sugu unajionyesha.

Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Kati ya visababishi vyake, sigara inajulikana. Moshi wa jikoni unasemwa kwa sauti ndogo, ingawa mama aliyeinama miaka 30 akipulizia kuni kwenye mafiga, katika jiko lisilo na dirisha, amevuta moshi wa kutosha bila kugusa sigara. Makovu ya kifua kikuu nayo huchangia. Na hapa pana mtego: mama anakohoa, makohozi yanapimwa, kifua kikuu hakipo, anapewa antibaotiki na kurudishwa nyumbani. Baada ya miezi michache yuko tena kwenye foleni. Akihema akipanda kilima, anaambiwa ni uzee.

Mapafu yaliyoharibika hayarudi upya. Hata hivyo, kuacha sigara, kuhamishia jiko penye hewa, dawa za kuvuta na mazoezi humpunguzia mtu kuhema, na kadiri ugonjwa unavyogunduliwa mapema ndivyo kinachobaki kinavyookolewa.

Siku ya kipimo mgonjwa asivute sigara wala asije ameshiba sana, na alegeze mkanda au kanga kiunoni. Meno ya bandia, kama hayachezi, abaki nayo: bila meno midomo haikazi, na hewa huvuja pembeni mwa kibomba.