Katoni ya kumi na moja

Barabara ya vumbi kutoka Mto wa Mbu hupita Selela na Engaruka kabla ya kufika Engaresero, chini ya Ol Doinyo Lengai. Katoni ya maji anayouziwa mpanda mlima imelipiwa nauli ya njia yote hiyo. Kwa hiyo msambazaji akisema nunua kumi upate moja ya bure, mwenye duka hufurahi, na ana haki.

Tatizo huanzia kwenye daftari. Wengi huiweka ile ya kumi na moja pembeni, na fedha yake yote huihesabu kuwa faida. Tuseme katoni ni shilingi 6,600. Kumi ni 66,000, lakini zimeingia kumi na moja, hivyo kila moja imegharimu 6,000, na nauli iongezwe juu yake. Mwisho wa mwezi zikibaki nne, punguzo la shilingi 2,400 bado limelala ndani ya mzigo. Halijawa faida mpaka ziuzwe. Ndivyo viwango vya kimataifa vya uhasibu, vinavyotumika pia Tanzania, vinavyotaka: punguzo la muuzaji hushusha gharama ya bidhaa.

Bonasi ya lengo ni hatari zaidi. Ukiahidiwa fedha ukifikisha idadi fulani kufikia Desemba, usiile mwezi Agosti. Kampuni ya maduka makubwa ya Tesco ya Uingereza, yenye wahasibu kila kona, ilikwama hapo hapo: Septemba 2014 ilitangaza kuwa makadirio yake ya faida yalizidishwa kwa takribani pauni milioni 250, hasa kwa kuwahi kuhesabu fedha za wasambazaji. Mwaka 2017 ilikubali faini ya pauni milioni 129.

Upande wa pili wa meza kuna mzalishaji. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilitangaza faini ya takribani shilingi bilioni 1.1 za Kenya dhidi ya Majid Al Futtaim, inayoendesha maduka ya Carrefour nchini humo, kwa kuwabana wanaoiuzia bidhaa, mmoja wao wa asali, ikiwemo kuwadai mapunguzo. Kinachoitwa ofa huweza kuwa kimelipwa na mfuga nyuki.

Duka la kijijini halina nguvu ya kumbana yeyote. Lina risiti tu. Dereva aandike katoni kumi na moja, si kumi, na friji ambalo kampuni ya vinywaji imeliacha dukani liandikwe kuwa la kuazimwa. Afisa mikopo akija kukagua mali, asilikute kwenye hesabu ya mwenye duka.