Kifaa cha Masikio: Mbona Mzee Amekitia Kwenye Droo?

HUENDA nyumbani kwenu mna mzee aliyenunuliwa kifaa cha kumsaidia kusikia, na sasa kimelala kwenye droo. Ukimuuliza, atakwambia kinampigia kelele tu. Usimwone mkaidi. Mara nyingi husema kweli.

Tunapozungumza, irabu kama a na o hutoka kwa sauti nzito yenye nguvu. Herufi kama s, f na t ni hafifu, na sauti yake nyembamba huwa zaidi juu ya hezi 2,000. Uzee, au kelele za kiwandani za miaka mingi, huharibu kwanza chembe za sikio la ndani zinazopokea sauti hizo nyembamba. Basi ukimtajia mzee saa, taa au faa, zote humfikia kama "aa". Ndiyo maana hulalamika kwamba anakusikia lakini hakuelewi.

Kifaa kinachouzwa bila kipimo chochote hukuza kila sauti kwa kiasi kimoja. Irabu ambazo mzee alikuwa akizisikia vyema sasa humvumia kichwani, huku s na f zikizidi kufunikwa.

Kuna tatizo jingine ambalo jamaa wengi hawalijui. Sikio lililoharibika halisikii sauti ndogo, lakini sauti kubwa huliumiza sawa na sikio zima. Tuseme mzee huanza kusikia kwenye desibeli 60, na kwenye 100 anaudhika. Amebakiwa na nafasi ya desibeli 40 pekee. Kifaa kikiongeza 30 kwa kila kitu, mnong'ono wa 30 utafika 60 na atausikia. Lakini honi ya matatu ya 90 itakuwa 120, na hayo ni maumivu. Sauti za namna hiyo zaweza hata kuharibu usikivu aliobaki nao.

Kifaa bora huzibana sauti: ndogo huongezewa sana, kubwa huongezewa kidogo au huachwa zilivyo. Kazi hiyo ilirahisika tangu mwaka 1996, kampuni za Denmark za Widex na Oticon zilipotoa vifaa vya kidijitali vya kuvaliwa sikioni. Ndani yake mna kompyuta ndogo inayoigawa sauti katika mafungu, nzito mbali na nyembamba mbali, na kulipa kila fungu kiasi chake.

Hata hivyo, kompyuta hiyo haijui sikio la mzee wako mpaka ielezwe. Kabla ya kulipa, hakikisha amekaguliwa kama ana nta, kisha akapimwa na mtaalamu wa usikivu. Omba mchoro wa kipimo hicho, kwani ndio unaotumiwa kukirekebisha kifaa.

Kikipiga mluzi, pengine hakikukaa sawasawa sikioni, na sauti inavuja kurudi kwenye maikrofoni. Ubongo nao huhitaji wiki kadhaa kuzoea, kwa hivyo aanze kukivaa nyumbani penye utulivu. Aandike sauti zinazomuudhi, za vyombo jikoni, mlango au redio, na karatasi hiyo aende nayo kwa mtaalamu kifaa kirekebishwe tena.