Nasaba ya Mafua ya Nguruwe: Ushahidi wa Jeni

Mnamo Aprili 2009, homa ngeni ilipobainika Mexico na Marekani, baadhi ya vyombo vya habari vya Kiswahili viliipa jina lililokuwa tayari na mwenyewe: homa ya nguruwe. Kwa mfugaji, hilo ni jina la maradhi mengine kabisa, yaliyoelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka wa 1921, ambayo huangamiza nguruwe lakini hayamwambukizi binadamu. Kirusi cha maradhi hayo hakina udugu wowote na virusi vya mafua. Aliyetaka kujua chimbuko la homa ya 2009 ilimbidi aliweke jina kando, achunguze jeni.

Jeni za kirusi cha mafua hazikushikamana katika uzi mmoja. Zimegawika katika vipande 8. Virusi viwili vya koo tofauti vikiingia katika seli moja, vipande hivyo huweza kuchanganyika, na kizazi kinachotoka kikarithi vingine huku na vingine kule. Nguruwe ni mwenyeji mwafaka wa mchanganyiko huo, kwani seli za njia yake ya hewa hupokea mafua ya ndege na vilevile ya binadamu.

Wataalamu walipousoma mpangilio wa jeni za kirusi hicho kipya, H1N1, walikuta nasaba iliyotatanika. Vipande 6 vilirithiwa kutoka kwa virusi vya nguruwe wa Amerika Kaskazini vilivyojitokeza mwishoni mwa miaka ya 1990, navyo vyenyewe vilikuwa machotara: vipande 2 vya asili ya ndege, 1 cha binadamu, na 3 vya ukoo mkongwe wa mafua ya nguruwe, ule ambao Richard Shope aliutambua huko Iowa takriban mwaka wa 1930. Vipande 2 vilivyosalia ni vya nguruwe wa Ulaya na Asia, ambao ukoo wao ulitokana na ndege katika miaka ya 1970. Mchanganyiko huo haukuwa umewahi kuonekana kwa nguruwe yeyote. Sababu si kwamba haukuwako, bali nguruwe walikuwa wakipimwa kwa nadra mno. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 ndio uliowapata wahenga wake miongoni mwa nguruwe wa Mexico ya kati.

Hivyo asili ilikuwa kwa nguruwe kweli, ila walioieneza homa duniani walikuwa watu. Shirika la Afya Duniani liliacha kutumia jina la mnyama huyo mwishoni mwa Aprili 2009. Misri haikungoja: iliamuru nguruwe wake wapatao 300,000 wachinjwe, ilhali nchini humo hapakuwa na kisa hata kimoja kilichoripotiwa.

Tangu hapo, ulinganishaji wa jeni umeonyesha kwamba kirusi hicho kimevuka mara nyingi kutoka kwa binadamu kwenda kwa nguruwe. Katika machinjio nchini Kenya, sampuli za 2013 na 2014 zilikionyesha kwa nguruwe. Wafanyakazi waliopimwa humo hawakupatikana nacho.