Somo la Haki Darasani na Mzazi Aliyevaa Sare

Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Leo tumeazimia kuzungumza nanyi, ndugu zetu wanajeshi na polisi, juu ya somo wanalofundishwa watoto katika shule za Kikatoliki hapa Uganda: mafundisho ya Kanisa juu ya haki katika jamii.

Mafundisho hayo yana historia ndefu. Tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo wa 13 alitoa waraka wa Rerum Novarum, akiwatetea wafanyakazi waliokuwa wakilipwa ujira usiotosha kulisha jamaa zao. Mwaka 1931 Papa Pius wa 11 alifafanua kwamba mamlaka ya juu yasiwapokonye wa chini kazi wanayoiweza wenyewe, bali yawasaidie wanaposhindwa. Mwaka 1967 Papa Paulo wa 6 aliandika juu ya maendeleo ya mataifa maskini, na mwaka 1969 alifika Uganda na kuhiji Namugongo.

Je, mtoto wa miaka minane atayaelewaje mambo mazito kama hayo? Mwalimu hodari hamkaririshi majina ya nyaraka. Humfundisha heshima ya utu kwa kumkataza kumcheka mwenzake aliye kilema. Humfundisha manufaa ya wote penye bomba la shule, kwani aliachaye maji yamwagike amewanyima wote. Humfundisha mshikamano saa ya chakula, asiye na kitu anapomegewa posho na maharagwe. Nayo kanuni ya Papa Pius huonekana pale kiongozi wa darasa anapoachiwa kupatanisha wagombanao, mwalimu mkuu asiitwe kwa ajili ya penseli iliyopotea. Askari huielewa upesi: sajini hampelekei kanali ugomvi wa ndoo ya maji.

Mafundisho haya yanawagusa hata ninyi wenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliwahesabu wanajeshi kuwa watumishi wa usalama na uhuru wa mataifa. Lakini hati hiyo hiyo ilitamka kwamba amri ya kuangamiza watu ni jinai, na utii wa kipofu haumwondolei hatia anayeitekeleza. Watoto wetu wanalijua jambo hili kwa mfano wa Karoli Lwanga na wenzake, watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga, waliouawa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Walimtumikia mfalme wao kwa uaminifu, bali walikataa amri iliyopingana na dhamiri.

Hapa ndipo ulipo uzito wa neno letu. Mwaka huo huo wa 1965 Mtaguso ulikumbusha kwamba mzazi ndiye mwalimu wa kwanza. Asubuhi mtoto anafundishwa kuwa mama muuza ndizi anastahili malipo ya jasho lake. Jioni anamwona baba yake, mwenye sare, akichukua mkungu bila kulipa. Asubuhi anaambiwa kwamba mfungwa naye ni mtu. Usiku anamsikia baba akisimulia kwa kicheko jinsi alivyompiga mtuhumiwa. Atamsadiki nani? Bila shaka atamsadiki yule anayemlisha na kumpenda. Kwa jioni moja kazi ya mwalimu ya mwaka mzima imebomoka.

Hatusemi haya kwa Wakatoliki peke yao. Kambini wanaishi Waprotestanti, Waislamu na wengineo, na hakuna dini miongoni mwao inayoruhusu kumdhulumu mnyonge. Kwa hiyo tunawasihi: jioni ya leo fungueni daftari la mtoto, mwulizeni amejifunza nini, kisha msikilizeni hadi mwisho. Na kesho, mkiwa kazini, litendeni somo hilo mbele ya raia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huenda huyo ndiye atakayeivaa sare yenu baada yenu.