Kutoa pawa stelingi: kukata mkanda si dawa

Wadau, pampu ya pawa ikianza kuvuja kwenye gari la zamani, baadhi ya mafundi wanakata mkanda tu, eti sasa limekuwa la stelingi ya kawaida. Wapi! Boksi la pawa limetengenezwa lisaidiwe na oili, ndiyo maana usukani unazunguka mara chache. Ukikata msaada, unasukuma tairi pamoja na oili iliyobaki ndani. Mtoto akikatiza barabara ghafla, utamkwepaje?

Dawa ni kufunga boksi la kawaida la modeli hiyohiyo. Mfano, Toyota Corolla AE86 (1983–1987) ilitoka na aina zote mbili. Halafu cheki mkanda kwanza: kwenye baadhi ya magari huohuo ndio unazungusha pampu ya maji. Ukiutoa, injini inachemka!

Nani kashaendesha la kukatwa mkanda? Mabega yalikuwaje?